Sakafu Yenye Uvungu

Mwenye karakana alivua kiatu chake cha kulia, akainama huku amejishika kiuno, akaigonga sakafu kwa kisigino cha kile kiatu. Ti, ti, ti. Akasogea hatua tatu kuelekea dirishani, akagonga tena. Bom.

"Umeisikia hiyo, fundi?"

Fundi alikuwa amechuchumaa akitazama ufa mwembamba kama unywele, uliotambaa kutoka mlangoni hadi katikati ya ukumbi. Hakuinua kichwa.

"Fundi! Nauliza, umesikia?"

Mkewe, aliyekuwa karibu yake na ufagio mkononi, alimgusa bega kwa mpini, kama mtu aliyemgonga kwa bahati mbaya. Fundi akainuka, akamtazama mwenye karakana mdomoni.

"Nimesikia, mama."

Hakuwa amesikia kitu. Mkewe alilijua hilo, na mwingine yeyote chini ya jua hakulijua. Mashine ya kukatia zege ilikuwa imemla fundi huyu masikio kidogo kidogo, kama panya anavyokula kona ya gunia. La kushoto lilikuwa limekwisha kabisa. La kulia lilisikia ukilisogelea na kupaza sauti. Lakini nani atampa kazi fundi wa sakafu asiyesikia? Sakafu ya zamani hugongwa kwanza kabla ya kumiminiwa mpya juu yake. Ikijibu ti, imeshika. Ikijibu bom, chini kuna uvungu, nayo sharti ing'olewe.

Kwa hiyo walikuwa na namna yao. Fundi aligonga kwa nyundo, na mkewe akafagia mbele yake. Nyundo ikilia bom, ufagio ulisimama. Fundi, macho yote kwenye ufagio, alichora duara la chaki pale alipogonga, wakaendelea. Mafundi wengine walimcheka kwa kutembea na mke kazini kama mkoba, na huyo mke wakambandika jina la Mama Fagio. Aliitika tu. Jina halimtoboi mtu.

Karibu na dirisha alisimama bwana wa duka lililouza unga wa sakafu, shati lake limepigwa pasi hata mikunjo yake ingeweza kukata nyanya. Mwenyewe alijiita mtaalamu, na watu wakamwachia jina lake. Ule unga ulikorogwa kwa maji ya kipimo, ukamiminwa ukiwa mwepesi, nao ukajitandaza wenyewe mpaka ukalala sawa kama maji kwenye sinia. Mafundi waliuita uji. Katika ukumbi huu uji ulilala vizuri siku tatu. Siku ya nne ukatokea ufa. Leo, siku ya sita, nyufa zilikuwa saba, na pale dirishani ukingo mmoja ulikuwa umeinuka kama gaga la kidonda.

"Unga wangu hauna neno," alisema Mtaalamu. "Kama ni maradhi, haya ni maradhi ya maji. Nani alipima maji?"

Hilo Fundi alilisoma mdomoni. "Mke wangu."

"Mkeo!" Mtaalamu akamgeukia mwenye karakana. "Mama, umesikia mwenyewe. Uji umekorogwa na mama wa jikoni. Sijui kama hakuutia na sukari."

Wapaka rangi wawili waliokuwa juu ya ngazi wakacheka hadi ngazi ikatikisika. Mama Fagio alikaza macho kwenye vidole vya miguu yake. Alikuwa amepima yale maji kwa jagi lenye alama, lita sita kwa kila mfuko, akipiga magoti ili jicho lake liwe sawa na mstari. Hata tone halikuzidi. Na ile bom ya kisigino ilikuwa imemwambia mengine kabisa. Uji uliozidi maji haulii hivyo. Hii ilikuwa sauti ya kitu kilichoachana na mwenzake chini huko.

Mwenye karakana hakucheka. Alivaa kiatu chake.

"Nisikilizeni. Cherehani ishirini na nne zinaingia Ijumaa. Leo ni Jumatano. Cherehani ya umeme ukiiweka juu ya sakafu inayocheza, itatembea yenyewe mpaka mlangoni ikaage. Mimi nataka kujua kosa ni la nani. Kama ni la unga, duka litanilipa. Kama ni la mikono, fundi, utabeba vyombo vyako, na kila atakayeniuliza habari zako nitamweleza. Simu ninayo na mdomo ninao. Saa nane nataka jibu."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Kisha, walipokuwa wakitoka, akamwinamia mkewe.

"Amesema nini pale mwisho?"

"Amesema turudi saa nane."

* * *

Nyumbani kwao watu waliongea kwa kupiga kelele, kwa hiyo mambo ya siri yalisemwa dirisha likiwa limefungwa na redio ikinguruma. Majirani waliamini kwamba wale wawili hugombana kila mchana, na mmoja wao alikwisha kuja mara mbili kusuluhisha.

Mama Fagio alifunga dirisha, akawasha redio. Binti yao wa miaka sita alikuwa amelala kitandani, shavu bado limevimba kwa jino alilong'olewa wiki iliyopita. Chumba kilikuwa na joto na harufu ya mafuta ya taa. Mama aliweka sahani ya chakula katikati, akasogea upande wa sikio la kulia.

"Siku niliyompeleka mtoto kung'olewa jino, nani alifagia?"

Fundi alichukua tonge, akatafuna.

"Nakuuliza, baba. Nani alifagia?"

"Hakuna."

"Nilikwambia unisubiri!"

"Nilisubiri. Nilikaa pale kizingitini na nyundo yangu mpaka saa nne. Yule mama mwenye karakana akaja, akaniuliza, fundi, unangoja nini, mkeo aje akushike mkono akuvushe barabara? Wale wapaka rangi wakacheka. Kucheka kwao sikukusikia, lakini meno yao niliyaona." Tonge la pili aliliweka chini. "Nikaingia. Nikagonga ukumbi mzima, huku natikisa kichwa kama mtu anayesikia."

"Halafu?"

"Nikasema safi. Uliporudi mchana ukakuta napaka gundi ya kushikisha uji."

Redio ilitangaza sabuni. Mama Fagio aliukumbuka mchana ule. Alimkuta mumewe anapaka gundi kwa haraka isiyo yake, akamuuliza kama amegonga, naye akamjibu nimegonga. Asingeuliza zaidi mbele za watu. Akaenda kupima maji.

"Leo imelia," alisema.

"Wapi?"

"Dirishani. Kwenye nguzo ya kati pia, nilipopita nimeisikia chini ya mguu."

"Sana?"

"Kama mtungi mtupu."

Fundi alinawa mikono ingawa chakula kilikuwa bado kingi. "Basi nitakwenda kuwaambia."

"Utawaambia nini? Ukishatamka hilo neno umekwisha, mume wangu. Utafanya kazi gani? Utauza karanga? Hata muuza karanga husikia akiitwa!"

Mlango uligongwa. Ni jirani. Mama Fagio alifungua kidogo tu, akatoa pua.

"Kwema humo?" aliuliza jirani.

"Kwema, dada. Tunakula."

"Haya, kuleni kwa amani basi," akasema jirani, akaondoka akiguna.

Aliporudi kukaa, Mama Fagio alimtazama mumewe. Fundi alikuwa ameviweka viganja vyake juu ya magoti, viganja vilivyokauka kwa saruji mpaka vikawa na mistari kama ile sakafu. Kila nyumba waliyofanyia kazi ilikuwa na sakafu iliyolala bila wimbi hata moja, na hiyo ilikuwa kazi ya viganja hivyo. Yeye je? Yeye alikuwa mama wa ufagio. Akiharibu uji, nani atashangaa? Watasema, fundi, mkeo mwache nyumbani, na yataisha. Na kesho na keshokutwa, nani atamfagilia? Hapo hakutaka kufika. Mfa maji hukamata maji.

"Tukifika, wewe nyamaza," alimwambia kwenye sikio la kulia. "Maneno mwachie mwenye masikio."

* * *

Saa nane walikuta ukumbi umejaa. Wapaka rangi walikuwa wameshuka kwenye ngazi ili wasipitwe, na fundi umeme naye alikuwa ameacha nyaya zake zinaning'inia. Mtaalamu alikuwa ameleta mfuko mzima wa unga wenye maandishi, ameuegemeza ukutani kama shahidi.

"Haya," alisema mwenye karakana. "Nani anaanza?"

"Mimi, mama." Mama Fagio alipiga hatua mbele, akageukia dirishani, mgongo wake ukielekea kwa mumewe ili asiusome mdomo wake. "Bwana huyu amesema kweli. Ni maji. Uji niliuona mzito, nikaogopa hautatandaa, nikaongeza jagi moja kwa kila mfuko. Fundi hakujua. Nilimficha."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Mtaalamu alipiga makofi mara moja.

"Si nilisema! Si nilisema mimi!"

"Mama Fagio, Mama Fagio," mpaka rangi mmoja alisikitika kwa furaha. "Kumbe ungebaki na fagio lako tu."

Fundi aliyaona yale makofi. Aliuona mgongo wa mkewe, namna mabega yalivyoinama kama ya mtu aliyebebeshwa.

"Amesema nini?" aliuliza, akasogea. "Nauliza, mke wangu amesema nini?"

Mpaka rangi alimgeukia, akajibu kwa kupanua mdomo kama mtu anayezungumza na mtoto. "A-me-ki-ri! Alizidisha maji!"

"Nani?"

"Mkeo!"

Neno lilimfikia Fundi kama linalokuja kwa miguu. Kisha alitia mkono mfukoni, akatoa msumari, akapiga magoti pale pale alipokuwa.

"Mtaalamu, njoo hapa. Njoo, usiogope kuchafua suruali. Wewe unaujua unga wako. Uji ukizidi maji, uso wake unakuwaje ukikauka?"

"Unakuwa... unachujuka. Unafanya vumbi."

"Sema kwa nguvu."

"Unafanya vumbi!"

"Kwaruza."

Mtaalamu alichukua msumari, akakwaruza. Ulibaki mstari mweupe tu. Akakwaruza tena, akiegemea kwa uzito wake wote. Msumari uliteleza ukamchoma kidole.

"Baba, acha," alisema Mama Fagio. Alikuwa amegeuka, na sasa alitaka amsome mdomo. "Acha, nakuomba. Nimeshasema."

Fundi hakumtazama. Alichukua patasi na nyundo, akaenda dirishani kwenye ule ukingo ulioinuka, akatia patasi chini yake, akagonga mara tatu. Kipande kikubwa kama sinia kilibanduka kizima kizima. Akakigeuza juu chini, akakishika kwa mikono miwili mbele ya mwenye karakana.

"Mama, tazama tumbo lake."

Juu kulikuwa na kijivu cha uji. Chini yake gundi, imekaza. Na chini ya gundi, imeng'ang'ania kama mtoto mgongoni, ilikuwa sakafu ya zamani yenyewe, saruji nyekundu, unene wa kidole.

"Unga wa huyu bwana umeshika," alisema Fundi. "Gundi imeshika. Maji ya mke wangu hayana kosa. Kilichoachia ni hii nyekundu, imeachana na zege la chini. Iliachana zamani, kabla sijatia mguu hapa. Nilitakiwa niing'oe, sikuing'oa."

"Lakini uligonga," alisema mwenye karakana. "Nilikuwepo. Nilikuona unagonga ukumbi mzima."

"Nini?"

"Nasema nilikuona unagonga!"

"Mama, siku ile alikuwa..." alianza Mama Fagio. Fundi aliinua mkono kumzuia.

"Niligonga. Sikusikia. Mimi sisikii, mama. Hili limekufa," akaligusa sikio la kushoto, "na hili liko njiani. Anayesikia ni huyu. Hufagia mbele yangu, ufagio ukisimama najua hapo pana uvungu. Siku ile hakuwepo, nami nikaona haya kusema namngoja."

Wapaka rangi walitazamana.

"Aaa!" alisema mmoja wao. "Ndiyo maana namsalimia kila asubuhi haitikii! Mimi nikadhani ana majivuno!"

Mwenye karakana hakumwangalia mpaka rangi. "Yaani sakafu yangu nimempa kiziwi," alisema polepole. "Cherehani ishirini na nne, mkopo wa benki, na sakafu nimempa kiziwi."

Fundi alikiweka kile kipande chini. Kisha akamgeukia mkewe, na kwa sauti ile ile ya nyumbani, ya dirisha lililofungwa, akamfokea mbele ya watu wote.

"Na wewe! Miaka tisa unanikorogea uji, hujauharibu hata siku moja! Usithubutu kusema tena umeuharibu!"

Mama Fagio alijifunika uso kwa kanga. Kama ile sakafu ingepasuka zaidi ikammeza, angeishukuru.

* * *

Mtaalamu ndiye aliyepumua wa kwanza. Alifuta damu ya kidole kwenye leso, akauchukua mfuko wake ukutani.

"Basi unga umepona," alisema. "Mimi nina safari."

"Hujapewa ruhusa," alisema mwenye karakana. "Nani ataniambia uvungu wote uko wapi? Sitaki wabomoe ukumbi mzima kwa kubahatisha."

"Tuna kijana dukani mwenye chombo cha kupimia. Anaweza kuja Jumatatu."

"Jumatatu! Cherehani nizipange barabarani?"

Mama Fagio alikuwa ameshauegemeza ufagio ukutani. Hakuomba ruhusa. Aliichukua nyundo mkononi mwa mumewe, akachukua na chaki, akaanzia kona ya mlango. Ti, ti, ti. Alipiga magoti, akakunja kanga isimkwaze, akaenda mstari kwa mstari kama mtu anayepalilia. Bom. Duara. Ti, ti. Bom. Duara. Duara la kwanza lilikuwa kama yai, lakini la tatu likakaa sawa. Wapaka rangi walisogea ukutani kumpisha. Mtaalamu, ambaye sasa hakutaka kuonekana hana kazi, alimfuata nyuma akigonga kwa ufunguo wa gari ili kuhakiki.

"Hapa hapana kitu," alisema kwa ushindi, akiwa kwenye duara la tisa. "Hapa ni pazima."

"Sogea kidole kimoja, kaka," alisema Mama Fagio bila kugeuka. "Ukuta ulioko karibu unakudanganya."

Mtaalamu akasogea, akagonga. Bom. Akaurudisha ufunguo mfukoni.

Alipomaliza, maduara yalikuwa kumi na manne. Mwenye karakana aliyazunguka yote, moja moja, kwa kisigino chake. Uso wake haukulegea.

"Ng'oeni," alisema. "Unga wa kujazia mtanunua wenyewe, na siku hizi mbili sizilipi. Cherehani nitaanza kupanga upande ule mzima. Na sakafu ya ghorofani," alitua kidogo, "hiyo nitampa mtu mwingine. Mwambie mumeo."

Mama Fagio alimsogelea mumewe kwenye sikio la kulia. Kwa miaka tisa alikuwa akiyaosha maneno ya watu kabla ya kumfikishia. Hili alimpa kama lilivyotoka, na nusu ya ukumbi ikalisikia.

"Amesema ghorofani hatupi. Unga ni wetu. Siku mbili bila malipo."

Fundi alifikiri. "Ana haki," alisema. "Lete ndoo ya kifusi."

* * *

Alhamisi mchana mashimo kumi na manne yalikuwa yameng'olewa mpaka kwenye zege, yamefagiwa, yamepakwa gundi. Mifuko sita ya unga ilisimama mlangoni, imenunuliwa kwa pesa iliyokuwa ya kodi ya chumba. Mama Fagio alikuwa amepiga magoti mbele ya jagi, jicho sawa na mstari, simu ilipolia. Ilikuwa namba asiyoijua.

"Naongea na yule fundi kiziwi?" iliuliza sauti ya mwanamume.

Habari ilikuwa imetembea bila viatu. Mama Fagio alitazama ukuta.

"Unaongea na mkewe. Sema."

"Mimi nina duka la dawa. Nina sakafu inataka kumiminwa. Nimeambiwa mkono wake hauna mfano, na wewe ndiye unayegonga. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Sasa, nitatoa nusu ya bei yake ya kawaida. Uelewe, dada, nami najitia hatarini. Fundi mwenyewe ni nusu."

Mama Fagio aliiona mifuko mlangoni. Alimwona mwenye chumba atakavyokuja tarehe moja, na kikohozi chake cha kubisha hodi.

"Watu ni wawili na bei ni moja," alisema. "Kama hutaki, acha."

Sauti ikacheka kidogo, ikaona inacheka peke yake, ikakata.

Fundi alikuwa anamtazama kutoka kwenye shimo la dirishani. "Nani?"

"Mwenye duka la dawa. Ameuliza kama wewe ndiye fundi kiziwi."

Fundi alimeza neno hilo. Lilishuka kwa shida, mkewe akaliona likishuka. "Ukasemaje?"

"Nikasema sema. Anatoa nusu. Nimemwambia aache."

"Nusu ingelipa kodi."

"Ingelipa."

"Sasa?"

"Tukiichukua leo, hiyo ndiyo itakuwa bei yako mpaka tuzeeke!"

Mpaka rangi juu ya ngazi alisahau brashi yake hewani. Fundi alitazama mikono yake, akatazama mashimo. Aliwasha mashine ya kukorogea, mkewe akamimina maji, lita sita, na unga ukaanza kuzunguka mpaka ukalainika na kung'aa. Sasa hapakuwa na muda. Uji hukupa dakika chache, na zikipita unakugandia ndani ya ndoo kama jiwe. Fundi aliinua ndoo, akamimina kwenye shimo la kwanza. Mama Fagio alifuata na rola ya miiba kutoa mapovu. Shimo la pili. La tatu.

Simu ikalia tena mfukoni mwake.

"Simu inaita," alisema. Fundi alikuwa ameinamia shimo la nne. "Simu inaita! Huenda ni yeye!"

"Eh?"

"SIMU INAITA!"

Ukumbi mzima ulisikia, na barabara nayo. Fundi hakuinua kichwa. Uji ulikuwa unateremka kutoka kwenye ndoo taratibu, unatafuta kingo zake.

"Iache iite," alisema. "Leta rola, unaganda huu."